Marafiki wa kijeshi wa Marekani: nani yumo, nani katoka, na mbona wanabadilika hivi

Haya maswali yanarudi kila Marekani ikitokea kwenye habari. Nshaulizwa kijiweni, nshaulizwa kwenye daladala, hadi msibani kuna mzee alinivuta pembeni akataka kujua habari za NATO, ule umoja wa kulindana wa Marekani, Kanada na nchi za Ulaya. Basi nimeyakusanya. Soma lile unalolitaka, majibu yanajitegemea, na pale ambapo jambo nshalieleza kwingine nitakuelekeza badala ya kurudia.

## Mambo ya msingi

Mtu akisema nchi fulani ni "mshirika" wa Marekani anamaanisha nini hasa?

Hapa ndo watu wanachanganyikiwa, manake neno ni moja ila vitu ni vinne tofauti. Juu kabisa kuna mkataba wa ulinzi uliopitishwa na Seneti kwa theluthi mbili ya kura, kama ule wa NATO au wa Japani na Korea Kusini, huo kwao una nguvu ya sheria. Chini yake kuna makubaliano ambayo serikali inasaini bila kupeleka Seneti, na mengi ya hayo ni ya kambi, yani nyie mnatoa uwanja wa ndege na bandari, wao wanaleta vifaa na mafunzo. Halafu kuna cheo: rais anatangaza tu kwamba fulani ni "mshirika mkuu asiye mwanachama wa NATO". Kenya iko hapo, nimeieleza chini.

Na mwisho kuna mazoea, hakuna karatasi ya maana ila kuna miaka mingi ya kuuziana silaha na kupeana taarifa za kijasusi. Israel ndo mfano unaowashangaza watu, inapewa misaada ya kijeshi kwa mabilioni (makubaliano ya 2016 yalikuwa dola bilioni 38 kwa miaka kumi) lakini mkataba wa ulinzi kama wa Japani haina mpaka leo. Kwa hiyo ukisikia mshirika, uliza kwanza karatasi yenyewe ni ipi.

Kwani Marekani imekuwa na washirika tangu zamani?

Hapana, na hili wengi hawalijui. Mshirika wao wa kwanza alikuwa Ufaransa, mkataba wa 1778, na bila Wafaransa sijui kama wangemtoa Muingereza. Ila 1793 Ufaransa ikaingia vitani na Uingereza, na George Washington akasema sisi hatumo. Mwaka 1796 anaaga madarakani akawausia wenzake wajiepushe na ushirika wa kudumu na nchi za nje, na 1800 ule mkataba wa Ufaransa ukafutwa rasmi. Toka hapo karne na zaidi hawakuwa na mkataba wa aina hiyo na mtu yeyote, hata vita vya kwanza vya dunia waliingia kama "wenzi" tu, neno mshirika walilikwepa makusudi. Mambo yakabadilika baada ya vita vya pili, 1947 mkataba wa Rio na nchi za Amerika ya Kusini, 1949 NATO.

Kwa hiyo ukimsikia mwanasiasa wa kule anasema tuachane na vita vya watu, ujue hajaleta jipya.

Mwanachama mmoja wa NATO akipigwa, ni lazima Marekani ipigane?

Ibara ya 5 inasema kumshambulia mmoja ni kuwashambulia wote, ndio, lakini soma na maneno yanayofuata: kila nchi itachukua hatua "inayoona ni ya lazima". Yani inaweza kuwa ndege za kivita, inaweza kuwa mablanketi. Wamarekani wenyewe ndo walitaka iandikwe hivyo, manake Seneti ya 1949 isingekubali kuingizwa vitani bila ridhaa yake.

Ibara hiyo imetumika mara moja tu, na haikuwa kuitetea Ulaya. Ilikuwa baada ya tarehe 11 Septemba 2001, wanachama wakaenda kuitetea Marekani, na kuanzia Oktoba mwaka huo hadi Mei 2002 ndege za NATO za kuangalia anga zenye wahudumu kutoka nchi 13 zilikuwa zinazunguka juu ya miji ya Marekani. Mjerumani kakaa mbele ya rada analinda anga la Marekani, fikiria hiyo picha.

Na kuna kitu kingine cha ajabu, ibara ya 6 inataja eneo linalohusika, Ulaya na Amerika ya Kaskazini pamoja na visiwa vya Atlantiki ya kaskazini. Hawaii iko Pasifiki. Kwa maandishi, Hawaii haimo.

Mbona Asia hakuna NATO yao?

Walijaribu. SEATO ilianzishwa kwa mkataba wa Manila 1954, makao makuu Bangkok, ila kati ya nchi zote za kusini mashariki mwa Asia zilizoingia ni mbili, Thailand na Ufilipino. Waliobaki ni Marekani, Uingereza, Ufaransa, Australia, New Zealand na Pakistan! Ikafa 1977. Mwenzake wa Mashariki ya Kati, mkataba wa Baghdad wa 1955, ulikuwa na kichekesho zaidi, Iraq yenyewe ikajitoa 1959 mkataba ukabaki hauna Baghdad, wakaubadili jina ukaendelea mpaka 1979.

Kinachofanya kazi Asia ni mikataba ya mmoja mmoja na Washington: Japani, Ufilipino, Australia 1951, Korea Kusini 1953. Hawa hawana mkataba wa kulindana wao kwa wao. Ukikumbuka Japani ilivyoitawala Korea mpaka 1945 utaelewa kwa nini.

## Kwa nini leo rafiki, kesho adui

Ni kweli Iran ilikuwa rafiki wa Marekani?

Rafiki wa kufa na kuzikana. Mwaka 1953 CIA, majasusi wa Marekani, pamoja na Waingereza walisaidia kumpindua waziri mkuu Mossadegh, nguvu zikarudi kwa Shah, yani mfalme wao, na miaka ya sabini Shah akawa ananunua silaha kama mtu anayenunua nguo za Idi. Aliagiza ndege 80 za F-14, wakati huo ndo ndege ya kivita ya hali ya juu kabisa waliyonayo, na hakuna nchi nyingine ya nje iliyowahi kuuziwa. Zilifika 79. Ya 80 haikupelekwa kwa sababu 1979 mapinduzi yakatokea.

Sasa angalia kilichofuata: Wairani wakazirusha zile zile ndege kwenye vita na Iraq, wakazitunza kwa vipuri vya kuokoteza na vya kuchonga, na Wamarekani walipozistaafisha za kwao 2006 waliamua nyingi zikatwekatwe vipande ili vipuri visije vikafika Tehran. Hili swala la silaha kubaki wakati urafiki umeondoka ndo linawafanya wawe wagumu kuuza F-35, ndege yao ya kivita ya siku hizi, watu wanadhani ni roho mbaya tu.

Na hii ya Ethiopia na Somalia kubadilishana wakubwa ikoje?

Hii naipenda kuliko zote kwa sababu ni ya hapa kwetu, na hakuna mahali ushirika ulionekana wazi kama nguo ya kuazima.

Haile Selassie alikuwa mtu wa Marekani. Asmara kulikuwa na kituo chao cha kunasa mawasiliano, Kagnew, kwa makubaliano ya 1953. Upande wa pili Siad Barre wa Somalia alikuwa na Wasovieti, walimjengea bandari na uwanja wa ndege Berbera, na 1974 akasaini nao mkataba wa urafiki. Mwaka huo huo wa 1974 Haile Selassie akapinduliwa. Wanajeshi wa Derg, lile baraza lililompindua, wakaegemea Moscow, mapema 1977 Rais Carter akawapunguzia misaada kwa ajili ya haki za binadamu, Mengistu, kiongozi wa Derg, naye akafunga Kagnew. Katikati ya 1977 Somalia ikaivamia Ogaden, eneo la Ethiopia. Wasovieti wakajikuta wana marafiki wawili wanapigana, wakachagua mkubwa, Ethiopia, wakashusha silaha na Wacuba kwa maelfu. Novemba 1977 Barre akawafukuza Wasovieti.

Halafu 1979 Iran ikaanguka, Desemba Wasovieti wakaingia Afghanistan, na Januari 1980 Carter akatangaza kwamba Ghuba ya Uajemi, kwenye mafuta, ni ya kulindwa kwa nguvu ikibidi. Ili uilinde Ghuba unahitaji pa kuweka mafuta, maji na ndege. Mwaka 1980 huo huo Marekani ikasaini na nchi tatu: Oman (kisiwa cha Masirah na viwanja vingine), Kenya (Mombasa), na Somalia, Berbera ile ile waliyoijenga Wasovieti. Njia ya ndege ile ile, lami ile ile, ila anayetua ni mwingine.

Baba yangu mdogo alikuwa anauza vinyago Mombasa miaka hiyo. Anasema manowari ikitia nanga Kilindini, mji wote unajua kabla ya adhuhuri, manake wale vijana wanashuka na sare nyeupe pee zilizopigwa pasi mstari unakata mkono, wananunua kinyago cha twiga bila kupatana bei. Yeye Carter hamjui wala Ogaden haijui. Anachojua ni kwamba kuna miaka twiga waliuzika.

Misri nayo si ilikuwa ya Wasovieti?

Ilikuwa. Rais Sadat akawafukuza washauri wao Julai 1972, 1978 akasaini na Israel makubaliano ya Camp David, na tangu miaka ya themanini mwishoni Misri imekuwa ikipangiwa kama dola bilioni 1.3 za kijeshi kwa mwaka. Ukitaka mfano wa nchi iliyohama na ikatulia huko, ni hiyo.

Saudi Arabia ina mkataba gani na Marekani?

Wa ulinzi uliopita Seneti? Hakuna, na mahusiano yana miaka themanini. Yalianza kwenye meli, tarehe 14 Februari 1945, USS Quincy imetia nanga kwenye Ziwa Chungu Kubwa katikati ya mfereji wa Suez. Mfalme Abdulaziz aliletwa kutoka Jeddah na manowari nyingine, USS Murphy, na hakutaka kulala chumbani, akatandikiwa hema na mazulia juu ya sitaha, na kondoo wakachinjwa humo humo melini. Roosevelt alikuwa wa kiti cha magurudumu, mfalme naye miguu inamsumbua, basi rais akampa kiti chake cha akiba. Ukiuliza ushirika wa Saudia na Marekani umeandikwa wapi, wengi watakuonesha picha ya hiyo siku.

Tatizo la ushirika wa picha ni kwamba siku ya siku huna cha kuonesha mahakamani. Septemba 2025 Israel ilipiga Doha kuwalenga viongozi wa Hamas, na Qatar ndo iliyobeba kambi kubwa kuliko zote ya Marekani Mashariki ya Kati, Al Udeid, na cheo cha mshirika mkuu inacho tangu 2022. Haikusaidia. Siku chache baadaye Saudia ikasaini mkataba wa kulindana na Pakistan, nchi yenye nyuklia. Trump akatoa amri ya rais kuihakikishia Qatar ulinzi, ila amri ya rais huyu inaweza kufutwa na rais ajaye kwa kalamu moja. Novemba mwaka huo Saudia nayo ikapewa kile cheo.

## Afrika

Kenya ni mshirika mkuu, je tukivamiwa Marekani itakuja kututetea?

Hapana. Narudia kwa sababu hili naulizwa kuliko yote: hapana, hicho cheo hakina sharti la ulinzi hata mstari mmoja.

Biden alimwambia Ruto Mei 2024 alipoenda kwa ziara ya kitaifa, na tarehe 24 Juni 2024 ikawa rasmi, nchi ya kwanza kusini mwa Sahara. Unachopata ni nafasi mbele kwenye foleni ya silaha zilizozidi, kuazimwa vifaa kwa ajili ya utafiti, kampuni zenu kuruhusiwa kuomba baadhi ya tenda za matengenezo za jeshi lao nje ya Marekani, na mambo ya namna hiyo. Sio kidogo kwa jeshi linalopambana na al-Shabaab, lakini sio ngao. Rais anaweza kuondoa akitaka, Afghanistan ilipewa 2012 na ikanyang'anywa 2022.

Kesho yake tu, tarehe 25 Juni 2024, polisi wa kwanza wa Kenya wakatua Haiti, misheni ambayo Marekani ndo ilikuwa mlipaji mkubwa, na siku hiyo hiyo Nairobi vijana wakaingia bungeni kwa hasira za mswada wa fedha. Aliyekuwa na simu mkononi siku ile aliona vyote viwili kwenye skrini moja.

Ukitaka kuona ushirika wenyewe usiangalie cheo, nenda Manda, Lamu. Kambi ipo pale, askari wa Marekani na Kenya wapo pamoja, na Januari 2020 al-Shabaab waliishambulia alfajiri wakaua Wamarekani watatu.

Mbona Niger waliwafukuza kirahisi hivyo?

Kwa sababu karatasi ilikuwa nyepesi. Marekani ilijenga kambi ya droni Agadez, kama dola milioni 110 jangwani. Julai 2023 wanajeshi wakapindua, Machi 2024 wakatangaza makubaliano yamekufa, na kufikia Septemba 2024 hakuna Mmarekani aliyebaki. Makubaliano ya kambi yanategemea aliyeko ikulu. Djibouti mpangaji analipa vizuri na mwenye nyumba anajua kuhesabu, ndo maana kambi ya Lemonnier imedumu, na tangu 2017 Wachina nao wana yao hapo hapo jirani.

Na ule mkataba wa Washington wa Kongo na Rwanda, Marekani sasa inailinda Kongo?

Sio ulinzi. Mawaziri walisaini Juni 2025, Tshisekedi na Kagame wakasaini mbele ya Trump tarehe 4 Desemba 2025, na siku hiyo pia Kongo ikafunga makubaliano ya ushirika na Marekani yanayogusa madini. Shaba na kobalti zimo, ahadi ya askari wa Marekani kusimama kati ya mtu na mtu haimo. Siku chache baada ya wino kukauka waasi wa M23 wakaingia Uvira. Watu wa Bukavu na Goma hawahitaji nieleze zaidi.

Wakongo wazee wanajua hii ladha. Mobutu alikuwa mtu wa Wamarekani kwa miaka thelathini, kambi ya Kamina ilitumika kupitisha silaha za UNITA, waasi wa Angola, vita baridi vikaisha, na kwenye miaka ya tisini wakawa hata viza wanamnyima.

Tanzania je?

Mkataba wa ulinzi hakuna na haujawahi kuwepo, siasa ya kutofungamana iliacha alama. Ila wachache wanajua kwamba Unguja, Tunguu, kulikuwa na kituo cha Marekani cha kufuatilia vyombo vya anga za juu vya Mercury. Mapinduzi ya Januari 1964 yakaja, na mwaka huo huo kikaondolewa.

## Pesa na manung'uniko

Trump anaposema Ulaya hawalipi, hawalipi nini? Kuna mfuko?

Mfuko wa pamoja upo lakini mdogo, ugomvi sio huo. Ugomvi ni kiasi gani kila nchi inatumia kwa jeshi lake yenyewe. Mwaka 2014 kule Wales walikubaliana kila mmoja afikie asilimia 2 ya pato la taifa ndani ya miaka kumi, wengi wakapiga danadana. Juni 2025 The Hague wakapandisha hadi asilimia 5 ifikapo 2035, yani 3.5 ya jeshi lenyewe na 1.5 ya mambo kama madaraja, reli na mitandao. Hispania ikagoma waziwazi.

Mi naona hapo Trump ana hoja na njia yake mbovu kwa wakati mmoja. Malalamiko haya Eisenhower alikuwa nayo, Obama alikuwa nayo, ila hao hawakusema hadharani kama yeye alivyosema Februari 2024, kwamba asiyelipa atawaachia Warusi wamfanye watakavyo. Ngao inafanya kazi kwa adui kuamini ipo. Ukiitia shaka mwenyewe mbele ya kamera umeshaipunguza, hata kama kesho yake utaikanusha.

Ufaransa ilikasirikia nini kwenye AUKUS?

AUKUS ni makubaliano ya Australia, Uingereza na Marekani. Kabla yake Ufaransa ilikuwa na dili la kuijengea Australia nyambizi 12 tangu 2016. Septemba 2021 Australia ikalivunja, ikatangaza itachukua za nyuklia kwa msaada wa Marekani na Uingereza, na Ufaransa ikaambiwa dakika za mwisho. Ikaita nyumbani mabalozi wake wa Washington na Canberra, kitu ambacho kwa Washington hakikuwahi kutokea tangu ule mkataba wa 1778. Miezi ikapita, mabalozi wakarudi, ila nyambizi hazikurudi.

## Maswali magumu

Rais anaweza kuitoa Marekani kwenye mkataba peke yake?

Katiba yao inasema mkataba uingiwe kwa ridhaa ya Seneti, ila kutoka haikusema kitu. Carter alipotambua Uchina, Desemba 1978 alitangaza kuufuta mkataba wa ulinzi wa Taiwan wa 1954 kwa notisi ya mwaka mmoja. Seneta Goldwater akaenda mahakamani, Mahakama ya Juu ikalitupa shauri Desemba 1979 bila kuamua nani yuko sahihi, na tarehe 1 Januari 1980 mkataba ukafa.

Kwa NATO, Bunge lilishtuka mapema: sheria iliyopita Desemba 2023 inasema rais hawezi kujitoa bila theluthi mbili ya Seneti au sheria ya Bunge. Mmoja wa waliolisukuma jambo hilo alikuwa seneta Marco Rubio, ambaye baadaye akawa waziri wa mambo ya nje wa Trump. Lakini rais hahitaji kujitoa ili kuiua ngao, rudi kwenye swali la ibara ya 5 pale juu. Anaweza kubaki mwanachama na siku ikifika akatuma mablanketi.

Kwa hiyo Taiwan itatetewa au haitatetewa?

Imeachwa gizani makusudi. Sheria ya 1979 inaitaka Marekani iuzie Taiwan silaha za kujilinda na iwe na uwezo wa kuzuia nguvu, haisemi itapigana. Wanataka Beijing iogope na Taipei isipate kiburi.

Ukraine si ilipewa ahadi 1994?

Ilipewa, Budapest, Desemba 1994. Ukraine ikasalimisha nyuklia zilizobaki kwake, na Marekani, Uingereza na Urusi zikaahidi kuheshimu mipaka yake. Kwenye Kiingereza walipigania neno moja, wakaweka neno la kutuliza moyo badala ya neno la kudhamini. Kwa Kiswahili ningesema walipewa "usijali" hawakupewa hati. Crimea ikachukuliwa na Urusi 2014. Na Machi 2025, baada ya ule ugomvi wa Zelensky na Trump ikulu, Marekani ilisimamisha silaha na taarifa za kijasusi kwa siku kadhaa, halafu ikarudisha.

Washirika wawili wakigombana wenyewe, Marekani inafanyaje?

Inategemea nani ana faida zaidi siku hiyo. 1974 Uturuki iliivamia Cyprus, Ugiriki ikajitoa kwenye kamandi ya kijeshi ya NATO mpaka 1980, Bunge la Marekani likaikatia Uturuki silaha, Uturuki nayo ikafunga shughuli za kambi za Wamarekani. Wakakosana na wote wawili. Mwaka 1982 Argentina na Uingereza zikapigania visiwa vya Falklands. Argentina imo kwenye mkataba wa Rio, Uingereza imo NATO, na visiwa viko kusini mno kwa ibara ya 6. Marekani ikampa Muingereza makombora na mafuta ya ndege. Waargentina hawajasahau.

Kesi ngumu kabisa ni Marekani yenyewe kutaka mali ya mshirika wake, yani Greenland, kisiwa cha Denmark. Kwa makubaliano ya 1951 na Denmark wana kambi huko na uhuru mkubwa wa kuitumia, na Januari 2025 Trump aliulizwa kama atatumia nguvu akakataa kusema hapana. Denmark ilipoteza wanajeshi 43 Afghanistan ikiitikia ile ibara ya 5. NATO haina kifungu cha mwanachama kumvamia mwanachama.

Wakurdi wanaingia kundi gani kati ya yale manne ya swali la kwanza?

La mazoea, na hilo ndo balaa lao, hawana nchi yao kwa hiyo hakuna wa kusaini naye. 1975 Shah na Saddam walipatana Algiers, misaada ya Wakurdi wa Iraq ikakatwa ghafla. Oktoba 2019 wale wa Syria, waliopoteza maelfu ya vijana kuipiga IS, waliona magari ya Wamarekani yanasogea pembeni Uturuki ikiingia. Kuna video za watu wanayarushia viazi.

Adui wa kweli kweli anaweza kuwa rafiki?

Vietnam. Marekani iliondoa marufuku ya kuwauzia silaha 2016, na Machi 2018 manowari ya kubeba ndege Carl Vinson ikatia nanga Da Nang, bandari ile ile waliposhukia wanajeshi wao 1965. Ila ushirika kamili Vietnam haitaki, wao sera yao hawafungamani kijeshi na mtu. Na Syria, al-Sharaa, rais wao wa sasa, alikuwa na zawadi ya dola milioni 10 ya Marekani kwenye kichwa chake mpaka Desemba 2024, Novemba 2025 yuko ikulu ya Marekani anapigwa picha.

Ukiwafukuza, wanaweza kurudi?

Ufilipino jibu ni ndio. Juni 1991 mlima Pinatubo ulilipuka ukaizika kambi ya Clark kwa majivu, Septemba Seneti ya Manila ikapiga kura 12 kwa 11 kukataa kuongeza muda wa Subic, kambi yao ya majini, na Novemba 1992 Wamarekani wakaondoka. Mkataba wa ulinzi wa 1951 haukuguswa. Uchina ikaanza kujenga juu ya miamba ya bahari, 2014 yakasainiwa makubaliano mapya, na 2023 sehemu walizoruhusiwa kutumia zikafika tisa.

Nchi inaweza kuwa nusu mshirika?

New Zealand. Mwaka 1985 iliikatalia meli ya USS Buchanan kuingia bandarini kwa sababu Marekani haisemi kama meli yake ina nyuklia au haina. 1986 Marekani ikatangaza haina tena wajibu wa kuilinda, mkataba wenyewe haukufutwa, taarifa za kijasusi ziliendelea kwa namna yake, wakabaki hivyo kama mke na mume wanaolala vyumba tofauti. Novemba 2016 wakaalika meli nyingine ya kivita, USS Sampson, kwa sherehe za jeshi lao la majini kutimiza miaka 75. Tetemeko likapiga Kaikoura siku hizo hizo, barabara zikakatika, na ile meli iliyokuja kwenye sherehe ikageuzwa kwenda kupeleka msaada.